Tundu Nyuma ya Kiti cha Enzi

Fundi seremala alitoboa tundu nyuma ya kiti cha enzi siku ya Jumanne, kwa msumeno mdogo, huku akicheka peke yake. Lilikuwa na upana wa kisosi, usawa wa sikio la mtu mzima aliyeketi. Kwa mbele alilifunika kwa kitambaa chekundu chepesi kisichozuia sauti. Kwa nyuma aliweka ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na juu yake mto. Hapo ndipo Dada Kitabu angekaa saa mbili na dakika ishirini kila onyesho, akimnong'oneza mtawala wa nchi kila neno la kutawalia.

"Nimetengeneza kabati, jeneza na banda la kuku," fundi alisema. "Serikali ndiyo mara ya kwanza."

"Ikivuja tutakurudishia," Dada Kitabu akamjibu, akajaribu kuketi. Ndoo ilikuwa fupi kidogo. Fundi akaongeza mto wa pili.

Dada Kitabu alikuwa mkumbushaji wa ukumbi ule kwa miaka ishirini na miwili. Kazi ya mkumbushaji ni kukaa gizani na kitabu cha mchezo na tochi ndogo, kumfuata mwigizaji neno kwa neno, na akikwama, kumrushia maneno mawili matatu ya kumwamsha. Akifanya vizuri hakuna anayejua kuwa yupo. Akifanya vibaya ukumbi mzima unamgeukia.

Zamani maneno mawili matatu yalimtosha kila mtu. Sasa Mtukufu alihitaji yote.

Mtukufu hakuwa mtukufu wa kitu chochote nje ya jukwaa. Alipanga chumba kimoja na alikuwa na deni la shati kwa kila aliyemfahamu. Jina lilimganda kwa sababu alikuwa amecheza wafalme wengi kuliko waliowahi kuwepo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na tangu mwaka uliopita kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kama maji kwenye kapu. Alisahau majina, funguo, chakula alichokula asubuhi. Sauti, hata hivyo, ilibaki vilevile, na watu walikuja kwa ajili ya sauti. Mwongozaji akapiga hesabu zake, akafuta mwendo wote wa Mtawala jukwaani, akamkalisha kwenye kiti tangu pazia la kwanza hadi la mwisho, akamwita fundi.

Tanzia yenyewe ilikuwa ya zile zilizotungwa kwa kuwafuata Waingereza wa kale, ambamo mtu hawezi kukosewa adabu katika tendo la kwanza bila watu saba kufa katika tendo la tano. Mtawala anamsaka aliyemuua mwanawe. Anamsaka kwa matendo manne, na njiani anawamaliza wengi wasiohusika. Mwishowe muuaji anajileta mwenyewe, amechomwa upanga wenye sumu, anapiga magoti mbele ya kiti na kuomba msamaha. Mtawala naye amekwisha kunywa kikombe alichokuwa amemwekea mwingine. Wana dakika chache wote wawili. Anamwambia, "Nimekusamehe. Inuka, mwanangu, twende pamoja." Kisha wanakwenda pamoja, na pazia linashuka juu ya maiti.

Kwa wiki tatu Dada Kitabu alimpa Mtukufu maneno yale kupitia tundu, na Mtukufu akayachukua na kuyarudisha yakiwa mazito na ya moto, na watu wakatoa vitambaa mifukoni. Hakuna aliyeshuku kitu. Ila Dada Kitabu, kila alipofika kwenye "nimekusamehe", alilitoa kama mtu anayelipa deni lisilo lake.

Mtukufu ndiye aliyemuua kaka yake Dada Kitabu. Hivyo ndivyo huyu dada alivyoamini. Shida ni kwamba hakuwa ameona.

Kaka yake pia alikuwa mwigizaji, na kazi yake hasa ilikuwa kupigana. Watu walimwita Moja-Mbili, kwa sababu mapigano ya jukwaani huenda kwa hesabu na yeye alihesabu hata akipanda kitandani. Walikuwa na desturi moja isiyovunjwa: kabla ya kila onyesho, wapiganaji wawili walipita hatua zote polepole, kama wazee wanaotafuta miwani, wakitaja hesabu kwa sauti. Siku ile, miaka kumi na tisa nyuma, Mtukufu alifika dakika kumi kabla ya pazia. Moja-Mbili alikuwa akimsubiri na panga mbili. "Twende polepole mara moja, kaka." Mtukufu, akivaa buti, akasema, "Tunaijua kama njia ya chooni." Hayo Dada Kitabu aliyasikia kwa masikio yake.

Pambano lilikuwa na hatua kumi na tisa. Katika hatua ya kumi na moja mmoja alipaswa kwenda kushoto ili mwenzake, anayerudi kinyumenyume, apate nafasi. Kuna aliyekosea. Moja-Mbili alirudi nyuma, jukwaa likamwishia, akaanguka kwenye shimo la wapiga muziki, mgongo juu ya chuma cha kiti. Alilala kitandani miezi minane, kisha akafa. Katika miezi hiyo hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Hesabu iliharibika," na akageukia ukutani.

Na Dada Kitabu, aliyekuwa hatua sita kutoka pale, hakuona kitu, kwa kuwa macho yake yalikuwa mahali pa macho ya mkumbushaji. Yalikuwa kwenye kitabu. Ukurasa ule, kwa dakika nzima ya pambano, ulikuwa na neno moja tu: *Wanapigana.* Alikuwa akilitazama neno hilo wakati kaka yake anaanguka.

Uongozi ukamuuliza Mtukufu. Mtukufu akasema, "Alichanganya hesabu, maskini." Karatasi ikabandikwa ukutani kando ya chumba cha mavazi: ajali, imetokana na mwigizaji mwenyewe kuchanganya hatua. Mama yake Dada Kitabu alipokuja kuchukua nguo za mwanawe aliisoma yote akiwa amesimama, miwani puani, kisha akauliza kwa upole kama kuna kikapu cha kubebea. Tangu hapo, kila baada ya muda fulani, akiwa anafua au anachuja chai, mama alikuwa akiuliza, "Kwani alikosea wapi, mtoto yule? Yeye aliyekuwa akihesabu hadi punje." Binti yake angemuuliza nani? Mwongozaji wa wakati ule alikwisha kufa. Watazamaji hawajui hatua. Alibaki mtu mmoja duniani anayejua nani alikwenda upande gani, na mtu huyo sasa alikuwa akisahau.

Ijumaa, siku mbili kabla ya onyesho la mwisho, Dada Kitabu alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mtukufu alikuwa anapakwa ndevu.

"Mzee, unamkumbuka Moja-Mbili?"

Mtukufu alimtazama kupitia kioo. Uso ulitafuta, ukatafuta, kisha ukapata. "Moja-Mbili. Alichanganya hesabu, maskini."

Alisema vizuri sana, bila kukwama, na pumzi mahali pake. Katika yote aliyowahi kujifunza, huo ndio mstari pekee uliomkaa.

Dada Kitabu alirudi nyumbani, akala, akalala vizuri. Kesho yake alikuwa ameshaamua. Hakutaka roho ya mtu. Alitaka Jumapili alasiri, onyesho la mwisho, viti mia sita vikiwa vimejaa, Mtukufu afike kwenye mstari wake mkubwa kuliko yote na asikute sauti ndani ya tundu. Akae pale na taji lake la bati, mdomo wazi, mbele ya watu. Aonje kuambiwa ulisahau.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi ngazini. Tendo la kwanza hadi la nne Dada Kitabu alifanya kazi yake kwa usahihi wa mtu anayenoa kisu. Katika tendo la tano watu wakaanza kufa kwa utaratibu: malkia, ndugu wawili, mshauri, mjumbe aliyekuja kuuliza tu. Malkia alikufa vibaya, pua ikiwa kwenye vumbi la zulia, na alionekana akipambana na chafya kwa ujasiri mkubwa kuliko aliouonyesha akiwa hai.

Kisha akaingia kijana anayecheza muuaji. Kikundi kizima kilimwita Muuaji, ingawa alikuwa mtu wa kuomba radhi kwa viti akivigonga. Akapiga magoti. "Bwana wangu, mkono huu ndio uliomuua mwanao. Nisamehe, nife nikiwa mtu."

Zamu ya Mtawala.

Dada Kitabu aliweka kidole kwenye mstari, akafunga mdomo.

Sekunde tano. Mtukufu alisogeza sikio kwenye kitambaa, kidogo tu, kama afanyavyo mtu anayesikiliza kama mvua imeanza. Sekunde kumi.

"Mstari," alinong'ona bila kufungua midomo. Ufundi wa miaka arobaini.

Kimya.

"Dada. Mstari."

Hapo Dada Kitabu alifanya asichokuwa amekipanga. Mpango ulikuwa kunyamaza. Lakini sikio lilikuwa karibu hivyo, lina nywele nyeupe, na linamtegemea.

"Hatua ya kumi na moja," akanong'ona. "Nani alikwenda kulia?"

Sikio halikusogea.

"Hilo halimo," alisema Mtukufu kwa koo.

"Halimo. Nani alikwenda kulia?"

Muuaji, aliyekuwa chini na jasho likimwingia machoni, aliona jambo limekwenda mrama akajaribu kusaidia. "Nisamehe, bwana wangu," alirudia. Baada ya kitambo akarudia tena, kwa huzuni zaidi, kwa sababu magoti yalikuwa yanauma. Mjumbe maiti alifungua jicho moja. Huko ukumbini hakuna aliyekohoa. Walichokiona wao ni mzee aliyefiwa, ameombwa neno moja, na neno halitoki. Na kila mtu mle alikuwa na neno lake lisilotoka, wakamtazama kwa roho juu.

"Alichanganya hesabu..." Mtukufu alianza kwa mnong'ono.

"Huo nimeusikia. Nitajie miguu yako."

Dada Kitabu aliweza kumsikia akipumua, na katikati ya pumzi alikuwa akihesabu. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Buti yake ya kulia, chini ya joho, ilisogea yenyewe upande wa kulia, ikasimama.

"Nilikwenda kulia," Mtukufu akasema.

Alisema kwa sauti ya jukwaani. Huenda alisahau jinsi ya kunong'ona, huenda sauti ile haikujua njia nyingine. Ilifika hadi viti vya ngazini. "Nilipaswa kwenda kushoto, nikaenda kulia. Sikufika mapema. Sikutaka kupita polepole. Kisha nikasema ni yeye."

Mama mmoja wa safu ya tatu alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeelewa kila kitu. Muuaji hakuelewa kitu hata kimoja, lakini alikuwa amelelewa vizuri. "Ndiyo, bwana wangu," akasema. Mwongozaji, kule nyuma kabisa, alikuwa anapekua kitabu chake kurasa za mbele na za nyuma. Na pembeni mwa jukwaa, fundi seremala, aliyekuwa fundi wa ukumbi ule hata wakati wa Moja-Mbili, aliweka nyundo chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Dada Kitabu alibaki na kidole kwenye mstari. Kulikuwa na watu mia sita wakisubiri, maiti watano na wawili njiani, na kazi ni kazi. Akasoma, bila kutia chumvi, kama anavyosoma siku zote:

"Nimekusamehe. Inuka, mwanangu, twende pamoja."

Mtukufu akauchukua mstari, akautoa. Watu walilia hata baada ya pazia, na makofi yaliendelea hadi mlinzi akaanza kuzima taa za ngazini.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mwongozaji alimpongeza kila mtu, kisha akamwambia Mtukufu kuwa mashairi yale mapya yalikuwa mazuri ila yameongeza dakika tatu. Alipotoka, Mtukufu alibaki akijifuta ndevu kwa mafuta. Dada Kitabu alisimama mlangoni.

"Umenisamehe," Mtukufu alisema. "Nimesikia kwa sikio langu."

"Ile ilikuwa ya kitabu, mzee. Akikaa mwingine pale namsomea vilevile."

Mtukufu alifikiri. "Na yako wewe?"

"Iko nyuma ya ile ya mama. Foleni."

"Basi nitamwendea kesho."

"Kesho utakuwa umesahau."

Alicheka, akakubali kwa kichwa. "Kweli. Nipe koti. Tuwahi kabla sijasahau, nikawa mtu mwema tena."

Walikwenda kwa miguu, jua likiwa bado lipo. Mama alikaa ghorofa ya pili, chumba na jiko, na alikuwa kwenye kochi akichambua maharage kwenye sinia, miguu juu ya kistuli. Alikuwa mkunga zamani. Alikuwa amewashika kichwa nusu ya watu wa mtaa ule kabla hawajawa na adabu. Alimtambua mgeni tangu mlangoni. Akamwonyesha kiti, akaendelea na maharage.

Dada Kitabu, kwa mazoea, alivuta kigoda na kukiweka nyuma ya kiti cha Mtukufu. Alikaa. Kisha akajiona alipo. Akainuka, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili, dirishani, anapoonekana.

Mtukufu aligeuza shingo akitafuta sauti nyuma yake. Haikuwepo. Akamtazama Dada Kitabu, naye akamtazama, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimekuja kuhusu..." Punje mbovu ilianguka kwenye bakuli, kisha nyingine. "Kuhusu mwanao. Siku ile. Alichanganya hesa..."

Vidole vya mama vikasimama. Dirishani Dada Kitabu aliuma ulimi. Alikuwa na neno tayari. Lilikuwa moja tu, lingemfikia kwa pumzi.

"Hapana," Mtukufu akasema. "Hiyo ni ile niliyozoea." Alishika magoti yake. "Mama, ni mimi. Nilichelewa, akaniomba tupite polepole, nikakataa. Nikaenda kulia. Hakuwa na pa kukanyaga. Nao waliponiuliza nikasema ni yeye, na waliponiuliza mara ya pili ikawa rahisi."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga, akaivaa. Aliuliza kama anavyouliza mkunga, akitaka habari kamili.

"Alisema chochote, alipokuwa anaanguka?"

"Kabla. Alipoona mguu wangu." Mtukufu alishusha sauti, ikawa ndogo kuliko Dada Kitabu alivyowahi kuisikia. "Alisema, 'Kushoto, kaka.' Polepole, watazamaji wasisikie. Alikuwa ananikumbusha."

Dada Kitabu aligeukia dirisha. Barabarani mtu alikuwa anafunga kibanda cha viatu, anavipanga jozi kwa jozi ndani ya gunia. Alimtazama hadi akamaliza.

"Kwa hiyo hakukosea," mama akasema.

"Hakukosea."

"Miaka kumi na tisa nimekaa na mtoto mzembe." Alichukua maharage kiganjani, akayaacha. "Sikusamehe leo. Usinitazame hivyo, hata wewe usingejisamehe. Uje Jumapili uniambie tena."

"Mama, nitakuwa nimesahau."

"Huyu atakuleta."

Dada Kitabu akamleta. Alimpitia kila Jumapili alasiri, akamvalisha koti, akampandisha ghorofani, na yeye akaketi dirishani bila kusema neno. Baadhi ya siku habari ilitoka nzima. Siku nyingine ilianza na "alichanganya" na ilibidi kungojwa igeuke yenyewe, na mama alingoja, chai ikapoa, naye hakumsaidia hata kwa kikohozi. Ikiisha aliuliza maswali yake, na kila mara akaishia na lile la "alisema nini", akalisikiliza jibu akiwa amefumba macho. Kisha alimwambia, "Uje Jumapili."

Fundi seremala aliing'oa ile karatasi ukutani. Ilikuwa imekuwa ya njano na kugandamana na rangi, akaitoa kwa patasi, pamoja na kipande cha plasta.

Jumapili ya tisa Mtukufu alikuja akiwa mchangamfu, shati safi, hata ngazi alizipanda bila kusimama. Aliketi, akaamkia, na bila kuulizwa akaanza.

"Nilitaka kukwambia kuhusu mwanao, mama. Siku ile tulipopigana. Nilifika mapema. Tukapita polepole, mara mbili, alipenda mara mbili. Na pazia lilipofunguliwa, ah, panga zilikuwa zinaimba. Moja, mbili, tatu. Ya kumi na moja mimi kushoto, yeye akarudi nyuma kama maji. Tukafika kumi na tisa. Tukashikana mikono, tukainama."

Dada Kitabu alikuwa amekwisha inuka kwenye kigoda. Mdomo ulikuwa wazi, na neno la kumrudisha lilikuwa mlangoni mwa meno. Mama, bila kumtazama, aliinua kidole kimoja.

Akafunga mdomo. Akakaa.

"Watu walipiga makofi?" mama akauliza.

"Mengi. Yeye alipata mengi kuliko mimi. Niliona wivu, sitaficha."

Mama alimtazama mtu yule kwa jicho la mkunga, akipima kama kuna kilichobaki cha kutoa. Hakikuwepo. Akamsogezea kikombe.

"Nimekusamehe," akasema. "Kunywa chai."

"Kwa lipi, mama?"

"Kunywa. Inapoa."

Mtukufu akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Dada Kitabu alitoka dirishani, akaenda jikoni kutafuta sukari, kwa sababu alijua Mtukufu huweka vijiko vitatu na yeye mwenyewe hangekumbuka kuomba.